Alama ya Reli Katika Daftari la Mvua

Mackinnon Road ni mji uliopewa jina la barabara, nao unaishi kando ya reli. Jina ni la Sir William Mackinnon, mwasisi wa kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoanza mwaka 1890 kuchonga njia ya magari ya ng'ombe kutoka pwani kwenda bara. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukapita hapo hapo katika nyika ya Taru. Kwa anayesoma takwimu za mvua kwa kompyuta, jina hili ni mtego. Faili ikitenganisha safu kwa nafasi tupu, "Mackinnon" huwa safu moja na "Road" nyingine, kisha kila kilicho kulia kikasogea hatua moja. Longitudo ikakaa penye mvua. Voi, jirani yake, haina udhia huo.

Vituo vingi vya reli vilikuwa na kipima mvua, kikisomwa saa tatu asubuhi. Daftari lilibeba tarakimu, na pembeni maelezo: kipima mvua kinavuja, msomaji hakuwepo, manyunyu tu. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1929, na vituo vikaja kupewa namba, utambulisho usiotegemea majina. Voi ni 9338001. Hiyo 93 ni digrii 3 kusini mwa ikweta, ikiongezwa 90. 38 ni longitudo. Tatu za mwisho ni namba ya kituo ndani ya mraba huo. Mackinnon Road, yapata 3°44′ kusini na 39°03′ mashariki, inaangukia mraba wa 9339. Kwangu huo ni ufundi mzuri: kichwa kizima cha faili kimekunjwa ndani ya namba moja.

Lakini namba hiyo haisemi mvua imeandikwa kwa kipimo gani. Chukua 125 katika safu ya mvua. Ikiwa ni sehemu za mia za inchi, ni milimita 31.75, mvua ya kumfurahisha mkulima wa Taru. Ikiwa ni sehemu za kumi za milimita, kama zinavyoandikwa katika hazina ya dunia ya takwimu za hali ya hewa, GHCN-Daily, ni 12.5. Anayeruka mistari ya juu ya faili, inayotaja kipimo, bila kuisoma hupata jibu, tena bila kompyuta kulalamika. Hazina hiyo hiyo huandika -9999 siku isiyo na kipimo. Itie katika wastani uone mvua ikishuka chini ya sifuri.

Maelezo ya pembeni yalibanwa zama za kadi za matundu, zenye safu 80 tu. Lugha ya programu ya Fortran ya mwaka 1957 iliyaachia upenyo katika programu: herufi C mwanzoni mwa mstari iliiambia mashine ipite. Siku hizi kazi hiyo, katika faili nyingi, inafanywa na #, ambayo sisi Waswahili tumeiita alama ya reli. Amri ya loadtxt katika NumPy huitupa mistari hiyo yenyewe, usipoiagiza vingine. Basi yule karani wa stesheni aliyeandika kwamba kipima mvua kinavuja ananyamazishwa kwa alama ya reli yake mwenyewe.

Na kuna mstari mmoja ambao nisingependa kuujaza mimi: kaunti. Ramani nyingi zinasema Kwale. Taita Taveta nayo inaudai mji.