Saratani ya matiti: Hofu inapogeuka kuwa maradhi ya pili

MWEZI wa Julai 2019 ungali katika kumbukumbu za Wakenya wengi. Tarehe mosi aliaga dunia Bob Collymore, aliyekuwa Afisa Mkuu Mtendaji wa kampuni ya Safaricom. Mnamo Julai 26 alifuata Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, na siku tatu baadaye Gavana wa Bomet, Joyce Laboso. Wote walikuwa wakiugua saratani, na sauti zikapazwa kila pembe zikitaka maradhi hayo yatangazwe kuwa janga la kitaifa.

Hofu ya aina hiyo huzuka kila anapofariki mtu mashuhuri. Kwa akina mama, aghalabu huelekea kwenye matiti. Si ajabu, kwani hiyo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi humu nchini, na mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa visa vipya vilikaribia 6,800.

Hata hivyo, hofu hiyo ina sura mbili. Kuna mwanamke anayejipapasa asubuhi, adhuhuri na usiku, na ambaye kila maumivu kidogo humkosesha usingizi. Kuna pia mwenzake ambaye ameuhisi uvimbe kwa miezi kadhaa lakini hathubutu kukanyaga hospitali, kwa kuwa anaamini kupimwa ni kuhukumiwa. Wa kwanza huchekwa na jamaa zake. Wa pili husifiwa kwa ustahimilivu mpaka siku anapozidiwa. Kinachowasumbua wote wawili ni kimoja.

Sehemu ya lawama inastahili kubebwa na wanaoandika habari za afya, magazeti yakiwemo. Mnamo Julai 2002, watafiti nchini Marekani walisitisha sehemu ya utafiti mkubwa kuhusu homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi. Ilibainika kuwa mchanganyiko wa estrojeni na projestini uliongeza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 26. Tarakimu hiyo ilizunguka ulimwengu mzima na kuwatia kiwewe mamilioni ya wanawake.

Iliyosahaulika ni tarakimu nyingine iliyokuwa katika ripoti iyo hiyo. Kati ya wanawake 10,000 waliotumia homoni hizo kwa mwaka mmoja, waliougua ni 38. Kati ya 10,000 ambao hawakuzitumia, waliougua ni 30. Nyongeza ni wanawake wanane katika kila elfu kumi. Taarifa zote mbili ni za kweli, lakini moja humfukuza mtu usingizi na nyingine humpa nafasi ya kufikiri.

Hali ni iyo hiyo kuhusu vidonge vya kupanga uzazi. Utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2017 uliripoti nyongeza ya asilimia 20 hivi miongoni mwa wanaotumia mbinu zenye homoni. Mama wa Kakamega au Kilifi akisoma hivyo, huenda akadhani kwamba wanawake watano wakitumia, mmoja wao ataugua. Sivyo hata kidogo. Maana yake ni takriban mgonjwa mmoja wa ziada katika kila wanawake 7,690 wanaotumia mbinu hizo kwa mwaka. Isitoshe, vidonge hivyo hupunguza hatari ya saratani ya ovari, jambo ambalo ni nadra kutajwa kwenye mazungumzo ya mtaani.

Vilevile kuna ile kauli kwamba mwanamke mmoja kati ya wanane atapata saratani ya matiti. Makadirio hayo ni ya Marekani, na yanahusu maisha yote ya mwanamke mpaka uzeeni. Huko huko Marekani, mwanamke wa miaka 30 ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya 200 wa kuugua katika miaka kumi inayofuata.

Kiswahili cha kila siku huyaita mambo haya yote visababishi, na neno hilo limewatisha wengi bure. Kuvunja ungo mapema, kuchelewa kukoma hedhi, kupata mtoto wa kwanza baada ya miaka 30, unene wa kupindukia baada ya hedhi kukoma na unywaji wa pombe ni mambo yanayoongeza uwezekano wa kuugua. Kuwa nayo si sawa na kuwa na saratani, na kutokuwa nayo si kinga. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na jambo lolote bainifu la kuwaongezea hatari, isipokuwa kuwa wanawake na kupita umri wa miaka 40.

Kwa hivyo, ni busara kutenganisha yanayobadilika na yasiyobadilika. Hakuna awezaye kurudi nyuma akavunje ungo upya. Anaweza kupunguza pombe, kufanya mazoezi na kunyonyesha, kwani kunyonyesha hupunguza hatari kwa kiasi fulani kadiri miezi inavyoongezeka. Ama kuhusu sidiria na manukato ya kwapani, hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba huleta saratani.

Suala la ukoo ndilo huwasumbua wengi zaidi, hasa binti aliyemuuguza mama yake. Ni kweli kwamba mwenye mama au dada aliyeugua ana hatari ya takriban mara mbili ya wengine. Lakini uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa wagonjwa wanane kati ya tisa hawana mama, dada wala binti aliyeugua saratani hiyo, na kwamba wengi wa wanawake wenye jamaa kama huyo hawaugui kamwe.

Jeni zenye hatari kubwa, BRCA1 na BRCA2, zina mchango katika sehemu ndogo tu ya visa. Mwigizaji Angelina Jolie alipotangaza mwaka 2013 kwamba alikatwa matiti yote mawili kwa kuwa na jeni hiyo, wanawake wengi walijiona katika hali yake. Kipimo hicho huwafaa hasa wale ambao jamaa zao kadhaa wa upande mmoja waliugua, au mmoja wao aliugua akiwa kijana. Uamuzi huo hufanywa pamoja na daktari, si kwa kusoma intaneti usiku wa manane.

Na intaneti imezidisha tatizo. Mwenye hofu hutafuta jibu, hupata nafuu ya dakika chache, kisha shaka hurudi ikiwa na nguvu zaidi. Kujipapasa kila mara kuna matokeo yayo hayo: titi kwa maumbile lina vinundu, hubadilika kwa mzunguko wa hedhi, na likibonyezwa sana huuma. Maumivu hayo huwa ushahidi mpya wa kumtisha.

Huko Shanghai, zaidi ya wanawake 266,000 wa viwanda vya nguo walishirikishwa katika utafiti kuhusu kujichunguza matiti. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kuwa mafunzo hayo hayakupunguza vifo, bali yaliongeza idadi ya vinundu visivyo saratani vilivyopasuliwa. Fundisho hapa si kuyapuuza matiti. Mwanamke anapaswa kujua yake yalivyo kwa kawaida ili atambue badiliko. Ila kujipapasa mara kumi kwa siku hakumwongezei usalama.

Hofu ya kiasi hicho ina tiba. Mnamo 2013, wataalamu wa akili wa Marekani waliliondoa katika mwongozo wao jina la kale la maradhi hayo, ambalo lilikuwa limegeuka kuwa tusi. Jaribio lililofanywa katika hospitali za Uingereza kwa wagonjwa 444 lilionyesha kuwa tiba ya mazungumzo, inayolenga fikra na mazoea ya mwenye hofu, ilileta nafuu iliyodumu. Katika tiba hiyo mtu hujifunza kuahirisha kujichunguza, kwanza kwa saa moja, kisha kwa siku nzima. Mume au dada naye huombwa asijibu swali lile lile mara ya ishirini, hata kama anaona huruma.

Yapo mabadiliko yasiyopaswa kungoja: uvimbe mpya, ngozi inayobonyea au kufanana na ganda la chungwa, chuchu inayoingia ndani ghafla, damu au majimaji yanayotoka kwenye chuchu, na kidonda kisichopona. Mwenye kuona mojawapo aende kituo cha afya kilicho karibu, hata kama hofu inamzuia, na akiogopa sana aandamane na mtu. Vimbe nyingi, hasa za wasichana, hupatikana kuwa si saratani, lakini kinachothibitisha ni vipimo. WHO inapendekeza uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike hospitalini kwa mara ya kwanza. Akiona siku hizo zinayoyoma bila jibu, ana haki ya kurudi na kuuliza faili yake imefikia wapi.