Faida Isiyo na Kazi: Historia ya Upatu wa Kitapeli na Funzo kwa Familia za Kasese na Bwera





Kila kahawa inapovunwa katika milima iliyo juu ya Bwera, na kila muhula wa shule unapokaribia, kuna habari inayopita majumbani mwetu: weka fedha zako mahali fulani, kaa utulie, zitazaa zenyewe. Habari hiyo hupita mjini Kasese, hupita soko la Mpondwe mpakani na Congo, na mara nyingi huletwa na mtu tunayemjua. Fedha zikishapotea tunaambizana methali ile ile: tamaa mbele, mauti nyuma.

Tamaa ipo, hatukatai. Lakini tukiitazama historia ya mipango hii tunaona kuwa wengi walionaswa hawakuwa na tamaa kuliko jirani zao. Walimwamini mtu mwaminifu aliyetangulia kulipwa. Basi tuipitie historia hiyo pamoja, ili tujue ni swali gani la kuuliza kabla fedha hazijatoka mkononi.

Je, ni haramu fedha kufanya kazi mwenyewe akiwa amekaa?

Vijana huuliza hivi, na jibu ni hapana. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Makka, naye alitoa mali wengine wakasafiri nayo. Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alikwenda Sham na bidhaa za Bibi Khadija akiwa pamoja na Maysara, mtumishi wake, ambaye aliporudi alimweleza bibi yake aliyoyaona safarini. Wanachuoni huuita mpango wa namna hii mudharaba: mmoja ana mtaji, mwingine ana kazi, faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji. Tuzingatie kwamba palikuwa na bidhaa, palikuwa na soko, na palikuwa na shahidi. Katika mudharaba hakuna anayeahidiwa kiasi maalumu cha faida kabla msafara haujaondoka.

Hata hapa kwetu mambo hayo yapo. Kwenye Ziwa Katwe kuna vidimbwi vya chumvi ambavyo familia hurithishana, na mwenye kidimbwi anaweza kuwalipa wengine wamfanyie kazi. Chumvi hiyo ilikuwa na thamani kubwa hata mwaka 1891 Kapteni Lugard akajenga ngome ya Fort George kuidhibiti biashara yake. Lakini mvua ikizidi chumvi haipatikani, na mwenye kidimbwi hukosa kama anavyokosa mfanyakazi wake. Vivyo hivyo Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba, na mji ukakua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulikuwa umekufa, na familia nyingi zikaumia. Hata hivyo wazee wetu waliweza kueleza sababu: uchumi wa nchi uliharibika enzi za Amin, na bei ya shaba ikaanguka.

Hasara ya halali ina sababu inayoonekana, kama vile faida ya halali ilivyo na kazi inayoonekana.

Mpango ulioipa tapeli jina

Mwaka 1920, katika mji wa Boston huko Marekani, mhamiaji wa Kiitaliano aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45. Alisema ananunua kuponi za posta nchi moja na kuzibadilisha nchi nyingine kwa bei kubwa zaidi. Kwa hakika biashara hiyo haikuwapo kwa kiasi alichodai. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, nao wakaenda kuwaita ndugu zao. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo kila kitu kilianguka, na tangu hapo duniani mipango ya namna hii huitwa kwa jina lake.

Wanafunzi wetu wachukue kalamu. Watu kumi wameweka shilingi 100,000 kila mmoja, wameahidiwa asilimia 30 kwa mwezi, na hakuna biashara yoyote. Ili kuwalipa wote mwezi unaofuata lazima waje watu wapya 13. Ili kuwalipa hao 13, lazima waje 17. Baada ya mwaka mmoja wanahitajika wapya zaidi ya 230 kwa mwezi, na baada ya miaka miwili zaidi ya 5,400 kwa mwezi. Hapo mwenye mpango bado hajala hata senti moja. Hesabu yenyewe inasema mpango lazima ufe, na utakapokufa walioingia karibuni, ambao ndio wengi, hawatapata kitu.

Afrika Mashariki, 2006 hadi 2009

Nchini Kenya mipango mingi ya aina hii iliporomoka miaka ya 2006 na 2007. Serikali iliunda kikosi cha uchunguzi chini ya Francis Nyenze, nacho kikaeleza kuwa karibu watu 150,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya.

Hapa Uganda palikuwa na COWE, na jina lake kamili lilimaanisha kuwatunza yatima, wajane na wazee. Ni nani asingependa kuunga mkono jina kama hilo? Ilianguka mwaka 2007, na waliokuwa wameweka akiba zao wakabaki na risiti.

Tanzania walikuwa na DECI. Wanachama waliambiwa "wapande mbegu" kisha "wavune", maneno ambayo mkulima yeyote anayaelewa. Mwaka 2009 serikali iliingilia kati, viongozi wake, ambao walikuwa wachungaji, wakafikishwa mahakamani Dar es Salaam, na mwaka 2013 baadhi yao wakatiwa hatiani.

Ndugu Waislamu, tusisome habari hizi tukadhani ni mambo ya makanisani. Nchini Misri, katika miaka ya 1980, kampuni zilizojiita za Kiislamu, kubwa yao ikiwa Al-Rayan, zilikusanya akiba za watu wengi, zikiwemo za wafanyakazi waliokuwa nchi za Ghuba. Zililipa faida kubwa kuliko benki na kusema hiyo si riba. Mwaka 1988 serikali ilipotunga sheria ya kuzidhibiti, Al-Rayan iliporomoka na watu wakalia. Tapeli huvaa vazi la yule anayemlenga. Kwa Mkristo huja na mbegu na mavuno, na kwetu huja na neno "halali".

Kutoka ofisini hadi kwenye simu

Zamani tapeli alihitaji ofisi na daftari la risiti. Mwaka 2009 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Uganda. Imetusaidia sana, lakini pia imefupisha safari ya fedha zetu kwenda kwa mtu tusiyemwona. Kisha zikaja "sarafu za mtandaoni". OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova wa Bulgaria, iliuzwa hadi vijijini magharibi mwa Uganda. Mama huyo alitoweka mwaka 2017. Mwaka 2019 ikaja Dunamiscoins, iliyoahidi faida ya hadi asilimia 40. Ilifunga milango Desemba mwaka huo huo, na zaidi ya watu 4,000 walilalamika kupoteza takriban shilingi bilioni 10 za Uganda.

Kwa nini watu wema hunaswa?

Kwa sababu malipo ya kwanza ni ya kweli. Shemeji amelipwa, jirani amelipwa, mwalimu wa watoto amelipwa. Hawasemi uongo wanapotuambia. Wanatoa ushahidi wa kweli juu ya jambo la uongo, na hapo ndipo hatari ilipo. Fedha zikipotea, ndugu hulaumiana, harusi hukosa wageni, watu huacha kusalimiana, huku mwenye mpango yuko mbali. Kwa hiyo ukimwona jirani amepoteza, usimcheke. Huenda alichokosa ni swali moja tu.

Swali la kuuliza nyumbani

Tusiulize "Nani ameleta?" wala "Je, amelipwa?" Tuulize: faida hii inatokana na kazi gani, inafanywa na nani, wapi, na ninaweza kwenda kuiona? Wakulima wa Bukonzo Joint kule Kyarumba, walioanza na akiba ndogo ndogo mwaka 1999, wanaweza kukuonyesha kahawa. Mwenye kidimbwi cha Katwe anaweza kukuonyesha chumvi. Asiyeweza kukuonyesha chochote ila majina ya waliolipwa, amekujibu tayari.

La pili, tudai maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Nao wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tukumbuke pia kuwa cheti cha kusajili kampuni si leseni ya kupokea amana za watu. Leseni ya benki hutolewa na Benki Kuu ya Uganda, na inaweza kuulizwa.

La tatu, akina baba na akina mama, tushauriane. Mipango hii hupenda siri na haraka: "ingia leo, kesho nafasi zitakwisha." Karo ya watoto isitoke nyumbani kabla mume na mke hawajakaa pamoja na, ikiwezekana, mzee mmoja asiye na maslahi. Biashara ya kweli itakusubiri mpaka Ijumaa ijayo.

Tunamuomba Allah atupe riziki ya halali yenye baraka, awafidie kwa kheri waliodhulumiwa, na azilinde familia zetu na kila anayekula jasho la wenzake. Amin.

Wabillahi tawfiq.