Nambari Iliyoitwa Tasa kwa Miaka 232

Nambari isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe tunaiita tasa. 7 ni tasa, 13 ni tasa. 15 si tasa, maana imezaliwa na 3 na 5. Neno lenyewe si jepesi. Huku kwetu mtu huitwa tasa kwa minong'ono, na mara nyingi wanaotoa hukumu hiyo hawajapima chochote.

Mwaka 1644, Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alitoa hukumu ya namna hiyo. Andika 2 mara 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mersenne aliiweka kwenye orodha yake ya nambari tasa bila kuonyesha alivyojua. Na kwa kuwa alikuwa mtu mzito, aliyeandikiana barua na wanahesabu wakubwa wa Ulaya, nani angebisha? Ukitaka kuhakikisha kwa kugawa kwa nambari tasa moja moja, utajaribu zaidi ya milioni 10 kabla ya kugonga ile inayoingia sawasawa.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alikuja na kipimo kisichohitaji kugawa hivyo. Katika umbo linalotumika leo, kinaanza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa nambari unayoipima, ushike baki tu. Rudia. Hebu tujaribu 31, ambayo ni 2 tano zilizozidishwa pamoja, kutoa 1: unapata 14, kisha 8, kisha 0. Hatua tatu. Ukiishia kwenye sifuri, nambari ni tasa. Kwa ile ya Mersenne hatua ni 65, na mwishoni hakuna sifuri.

Kumbe haikuwa tasa! Lakini Lucas hakuweza kutaja hata kigawo kimoja. Kipimo chake kinasema vigawo vipo, basi. Hakisemi ni vipi.

Jibu lilifika Oktoba 1903, kwenye mkutano wa Chama cha Wanahesabu cha Marekani jijini New York. Frank Nelson Cole, profesa wa Columbia, alikuwa na mada kuhusu kutafuta vigawo vya nambari kubwa. Eric Temple Bell alisimulia baadaye kwamba jamaa alikwenda ubaoni bila kusema neno. Upande mmoja akakokotoa ile nambari ya Mersenne. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, ukumbi ukapiga makofi. Bell anasema alipomuuliza ilimchukua muda gani, Cole alimjibu kwamba ni Jumapili za miaka mitatu.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Kuzidisha namba hizo mbili ni kazi ya kipindi kimoja cha darasa. Kuzitafuta ni miaka.

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waligeuza ugumu huo kuwa kufuli: zidisha nambari tasa mbili kubwa, tangaza jibu kwa kila mtu, ficha zile mbili. Mwaka huohuo walitoa nambari ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100 kwa atakayeivunja. Ilikadiriwa ingechukua mamilioni ya mamilioni ya miaka. Ilivunjwa Aprili 1994, na watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kwa intaneti.

Kufuli halikutupwa, nambari zilirefushwa tu. Hadi leo tovuti nyingi zinalitumia, pamoja na zile tunazoandikia nywila za benki. Linashikilia kwa sababu hakuna anayejua njia ya mkato kwa kompyuta za kawaida. Lakini hakuna pia aliyethibitisha kwamba njia hiyo haipo. Tumeamini tu, kama walivyoamini wasomaji wa Mersenne.