Skrubu za mipini ya visu

Skrubu za mpini ni vifungo vya hesi vinavyobana vibamba viwili vya mbao, pembe au plastiki kwenye chuma cha kisu. Si kila kisu huvihitaji. Kisu chenye msuka mwembamba hupashwa moto upande wa msuka, kikapigiliwa ndani ya mpini uliokwisha kuvishwa noleo, yaani pete ya metali, shingoni ili mbao isipasuke. Skrubu huja pale chuma kinapokuwa kipana na kufika hadi mwisho wa mpini, kama katika panga na visu vingi vya jikoni.

Chundwa, kijiji cha Wabajuni katika kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu kisu kimoja huenda shambani na pwani, na chumvi hakiiepuki. Siyu, mji ulio katika kisiwa hichohicho, ulisifika katika karne ya 19 kwa panga, jambia na kazi za ngozi. Leo kisu cha dukani kwa kawaida huja na ribiti, na fundi hushika skrubu pale ribiti inapolegea.

Cha kuchagua kwanza ni metali, si umbo. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa upesi, na ikiwa ndogo kuliko mwenzake huliwa upesi zaidi. Hivyo skrubu ya chuma iliyopakwa zinki, inayouzwa kila duka la vifaa, ndiyo mbaya kuliko zote kwa kisu kisichoshika kutu: zinki huisha, kisha skrubu yenyewe hugeuka unga mwekundu na kuacha doa jeusi kwenye mbao. Shaba ya njano kwenye kisu cha chuma cha kawaida haina neno sana, kwa kuwa hapo anayeliwa ni kisu, naye ni mkubwa. Ila shaba hiyo ina zinki ndani yake. Ikikaa sana katika chumvi zinki hutoka, skrubu hugeuka rangi ya waridi na kukatika inapofunguliwa.

Bora ni chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho kina takriban asilimia 2 hadi 3 ya molibdenamu. Hiyo ndiyo inayokisaidia kuhimili chumvi. Daraja la 304 halina molibdenamu, nalo huota vidoa. Sumaku haiwezi kutenganisha mawili hayo. Anayenunua aangalie pakiti: A4 ni mwenza wa 316, A2 ni mwenza wa 304.

Skrubu ya mbao yenye ncha haifai. Kibamba cha mpini huwa na unene wa milimita 8 hivi, hesi hazipati pa kushika, na mbao ngumu kama mpingo hupasuka. Kinachofaa ni bolti ndogo ya M4 inayopita upande hadi upande na kuingia katika nati ndefu ya mrija, vichwa vyote viwili vikizama ndani ya mbao. Mwenye kutaka kuchonga hesi kwenye chuma chenyewe afanye hivyo kabla ya kisu kutiwa matiko. Baadaye kitavunja kichongeo.

Kuhusu kichwa, msalaba ambao Henry F. Phillips alipewa hataza yake mwaka 1936 ni mwepesi kwa mashine, lakini magamba ya samaki hujaa ndani na bisibisi huteleza. Tundu la pembe sita hutaka ufunguo wake maalumu, nao ukipotea kisiwani umepotea. Mfereji mmoja ulionyooka husafishwa kwa ncha ya msumari na kufunguliwa kwa kipande chochote cha bati gumu, hata ndani ya mashua. Kwa Chundwa mimi ningeuchagua huo.

Faida ya skrubu juu ya ribiti ni moja tu, nayo ni kubwa: mpini hufunguka. Maji ya bahari hupenya chini ya vibamba na kula chuma mahali jicho lisipofika. Kisu cha kupara samaki kikifunguliwa mara kwa mara, kikasuuzwa kwa maji baridi, kikakauka na kupakwa mafuta, hudumu. Asiyekusudia kukifungua apige ribiti za shaba, aweke na gundi, hataona hesi zikilegea kila kaskazi inapokausha mbao. Na tundu la kibamba litobolewe pana kidogo kuliko bolti, ili mbao inapofura wakati wa masika isijipasue yenyewe.