Wavu Usioshika Wote

Mwaka 1887 mtaalamu wa Kijerumani wa mji wa Kiel, jina lake Victor Hensen, aliwapa viumbe wote wachukuliwao na maji ya bahari jina la planktoni. Mwaka 1889 akavuka Atlantiki katika meli iitwayo National, akiwahesabu kwa nyavu za hariri.

Miongoni mwao wamo siliati. Kila mmoja ni chembe moja tu yenye uhai, lakini ana vinywele vimpavyo mwendo na kumletea chakula. Wale waitwao tintinidi hujijengea kikombe na kukaa ndani. Wengi hawafiki robo ya milimita. Hao walipatikana wavuni. Walio uchi walipasuka au walipenya.

Basi, Hans Lohmann, naye wa Kiel, aliionaje kasoro hiyo? Alifundishwa na mnyama mdogo wa bahari mwenye mkia, ajengaye nyumba ya ute yenye chujio jembamba kuliko hariri. Humo Lohmann aliona umati wa viumbe wasiopata kushikwa na nyavu. Akateka maji yenyewe, akayazungusha kwa mashine hata wakatua chini, akawahesabu. Mwaka 1911 akawaita nanoplanktoni.

Leo twajua kwamba siliati huwala hao wadogo, nao huliwa na wadudu wa maji wafananao na uduvi, ambao ni chakula cha samaki. Kumbe kitoweo chetu hutegemea viumbe waliopita bila kuhesabiwa! Wavu huonyesha kilichonaswa, hauonyeshi kilichopenya.