Historia: Vyuma vya vita na depo la zamani vinapogeuka shule ya mikono

Familia mliokimbia vita mkiwa hapa Bunia, leo tuangalie namna vitu vilivyotupwa vilivyofundisha watu kazi.

Tuanze Kongo yetu. Mwaka 1943 Bruda Marc-Stanislas, Mbelgiji, alianzisha shule ya sanaa kule Gombe-Matadi. Mwaka 1949 ikahamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na baadaye ikawa Akademia ya Sanaa. Humo alisoma mchongaji Freddy Tsimba. Masomo ya darasani hayakumtosha. Akaenda kwa wahunzi kujifunza kazi ya moto. Ndipo akatengeneza sanamu za maganda ya risasi, vijiko na mitego ya panya. Akajenga hata nyumba nzima ya mapanga. Sisi wa Ituri tunajua panga ni la kulimia, tena tunajua lilivyotumika vibaya. Nyumba ile inatueleza bila maneno.

Msumbiji, baada ya vita, Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Makanisa walianza mwaka 1995 kukusanya bunduki. Aliyeleta silaha alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zikakatwa vipande, wasanii wa Maputo wakaunda viti na sanamu.

Mwaka 2003, Bunia ilipokuwa katika mapigano makali, Nairobi walifungua kituo cha sanaa cha GoDown ndani ya depo lililokuwa gereji ya magari. Hawakungoja jengo jipya. Waligawa vyumba, wasanii wakaingia kufanya kazi, na vijana wakajifunza kwao.

Somo ni moja: jengo na chuma peke yake havifundishi. Tsimba alihitaji wahunzi, na bunduki za Msumbiji zilihitaji mikono inayojua kukata na kuunga. Kati ya waliokimbia kuna maseremala, washonaji, wafinyanzi na wasusi wa vikapu. Wengi waliacha vyombo vyao kijijini, lakini ujuzi walikuja nao. Mzee mmoja, vijana watano, mbao za masanduku na mabati ya zamani chini ya paa lolote: hapo shule imeanza. Wasipofundisha sasa, ujuzi huo utapotea kabla ya safari ya kurudi nyumbani.

Wazazi, tahadhari: watoto wasiokote risasi wala chuma wasichokijua. Wakikiona, wasikiguse, wamwite mkubwa.