Haki ya Mzazi Mbele ya Mlango wa Shule: Kumbukumbu ya Drill Hall, Joubert Park

Tangu Rais Cyril Ramaphosa alipotia saini, tarehe 13 Septemba 2024, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Elimu ya Msingi, ambayo Waafrika Kusini huiita kwa kifupisho BELA, mabishano yamezunguka swali la nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu uandikishaji wa wanafunzi na lugha ya kufundishia, kati ya wazazi walio katika bodi ya shule na idara ya elimu ya jimbo. Wapinzani wa sheria hiyo, hasa watetezi wa shule zinazofundisha kwa Kiafrikana, huizungumzia haki ya mzazi kana kwamba ilizaliwa pamoja na bodi hizo mwaka 1996, ilhali wazazi Weusi wa Johannesburg na vitongoji vyake waliidai takriban miaka 40 kabla ya hapo, wakanyimwa, na viongozi waliowaongoza wakaishia mbele ya hakimu katika Drill Hall, ukumbi wa mazoezi ya kijeshi uliojengwa mwaka 1904 mtaani Joubert Park.

Chanzo kilikuwa Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953, iliyoziondoa shule za Waafrika mikononi mwa misheni na kuziweka chini ya Idara ya Mambo ya Wenyeji, ambayo waziri wake, Hendrik Verwoerd, hakuficha kwamba mtoto Mweusi alipaswa kuandaliwa kwa kazi za chini tu. Nelson Mandela anasimulia katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1994, kwamba Halmashauri Kuu ya chama cha ANC ilipendekeza mgomo wa wiki moja, lakini wajumbe wa mkutano mkuu wa Durban, Desemba 1954, wakaukataa wakitaka mgomo usio na kikomo. Verwoerd alijibu kwa kutangaza kwamba shule zilizogomewa zingefungwa moja kwa moja na watoto waliogoma wasipokewe tena.

Mgomo ulianza Aprili 1955, ukashika zaidi katika miji ya migodi iliyo mashariki mwa Johannesburg, ambako wanawake waliamka kabla ya alfajiri kwenda kusimama kwenye milango ya shule na kuwarudisha watoto nyumbani. Kwa kuwa kuendesha shule isiyosajiliwa kulikuwa kosa la jinai, madarasa ya wazazi yaliitwa vilabu vya utamaduni, na watoto walifundishwa kwa nyimbo, michezo na masimulizi, kwani ubao na chaki vingetosha kuwa ushahidi mbele ya polisi. Mandela anataja shule ya Germiston iliyokuwa na watoto 800 na kudumu miaka mitatu, na mwalimu Barrett Tyesi wa Port Elizabeth, aliyeacha ajira ya serikali, akafundisha watoto wa mgomo, na mwaka 1956 akawapeleka 70 kwenye mtihani wa darasa la sita, ambao wote isipokuwa watatu walifaulu. Vilabu hivyo vilinyauka hatimaye, kwa sababu mzazi aliyetakiwa kuchagua kati ya elimu duni na kukosa elimu alichagua ile ya kwanza, na ni haki kumsifu Mandela kwa kukiri, jambo ambalo wanasiasa wengi wangelifunika, kwamba watoto wake mwenyewe walisoma katika shule binafsi ya Waadventista ambayo haikutegemea ruzuku ya serikali.

Mwezi Juni 1955, mkutano wa wapinzani wa ubaguzi wa rangi huko Kliptown ulipitisha Mkataba wa Uhuru, uliotaka elimu ya bure, ya lazima na iliyo sawa kwa watoto wote, na mkataba huo ndio uliokuwa kiini cha mashtaka ya uhaini dhidi ya viongozi wa harakati hizo, yaliyoanza kusikilizwa Drill Hall tarehe 19 Desemba 1956. Washtakiwa 156 walikaa ukumbini humo bila kusikia lolote siku ya kwanza, maana vipaza sauti vilikosekana, na siku ya pili wakakuta wamejengewa kizimba cha waya, ambacho kiliondolewa baada ya mawakili wao kutishia kuondoka. Miongoni mwa maelfu ya vielelezo vya upande wa mashtaka kulikuwa na vibao viwili kutoka jiko la mkutano wa Kliptown, kimoja cha supu yenye nyama na kingine cha supu isiyo na nyama. Washtakiwa wa mwisho waliachiwa huru Machi 1961.

Machafuko ya Soweto ya mwaka 1976, wanafunzi walipopinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, yanajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba mwaka 1990, wakati Joubert Park na mtaa jirani wa Hillbrow zilikuwa zimejaa wapangaji Weusi, serikali iliruhusu shule za Wazungu kupokea watoto wasio Wazungu iwapo tu wazazi wa shule husika wangepiga kura, angalau asilimia 80 yao wakishiriki na asilimia 72 wakikubali, kwa hiyo haki ya mzazi ikawa ufunguo wa mlango wa mtoto wa jirani.

Drill Hall yenyewe iliungua mwaka 2002, ikakarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2004, na kuanzia 2008 ikawa na maktaba ya Keleketla, iliyowapokea watoto wa mtaa baada ya masomo hadi ilipohama, na ni aibu kwa jiji kwamba jengo lenye historia hiyo limeachwa lichakae.

Wanaoishi Joubert Park leo ni pamoja na Wakongo, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili, na Wazimbabwe, ambao watoto wao wamekuwa wakikataliwa shuleni kwa kukosa vyeti, hata baada ya Mahakama Kuu ya Makhanda kuamua, Desemba 2019, katika kesi ya shule ya Phakamisa, kwamba ukosefu wa nyaraka hauwezi kumfungia mtoto nje ya darasa. BELA imeingiza kanuni hiyo katika sheria, na wakati huohuo imepandisha hadi miezi 12 kifungo cha mzazi ambaye, bila sababu ya haki, hampeleki mtoto wake shuleni.